Plasta imetoka lakini goti halikunji: maumivu gani uvumilie na yapi uyakimbie

Swali lilikuja hivi kutoka Arua, Uganda, nimelifupisha kidogo tu:

"Salaam daktari. Mimi naendesha boda hapa Arua, miaka 29. Gari ndogo ilinigonga upande wa barabara ya Koboko, mguu wa kulia ukavunjika kwenye ugoko. Nikafungwa plasta kutoka pajani mpaka vidoleni wiki 8. Sasa ni wiki 3 tangu itoke, daktari aliangalia eksirei akasema mfupa unaunga vizuri, nikanyage kidogo kidogo na magongo. Shida ni goti. Halikunji, halifiki hata kona ya meza, na nikienda fizio ananikunja mpaka machozi yanatoka. Mjomba anasema kuna mzee anakanda kwa maji moto na dawa halafu anavuta, wiki mbili unatembea. Pikipiki ni ya mkopo na kila wiki wanataka pesa yao. Hayo maumivu ni ya kuponya ama ananiharibu? Na steji nitarudi lini?"

Waleikum salaam mdogo wangu. Pole sana kwa ajali na pole tena kwa hiyo pesa ya kila wiki, maana najua hapo ndipo usingizi unapotea kuliko hata kwenye goti. Mimi si daktari wa kupasua, mimi ni fizio, mtu wa viungo, na wodi yetu ya mifupa ukiingia asubuhi yoyote utadhani steji ya boda imehamia hospitali, huyu boda, yule abiria wa boda, huyu aligongwa na boda akivuka kwenda kununua chapati. Mguu kama wako nimeushika mara nyingi.

Jibu fupi kwanza halafu tutazunguka. Goti lako halijafa, limelala. Kuuma kidogo wakati wa kulikunja ni kawaida lakini machozi sio kipimo cha kazi nzuri. Kwa mzee wa kuvuta usiende. Na steji bado, sio mwezi huu wala ujao.

Sasa tuingie ndani. Siku plasta inakatwa na ile mashine yao ya kelele najua ulishtuka, mguu mwembamba kama wa mtoto wa shule, ngozi inatoka magamba, nywele zimejaa kuliko mguu wa pili, harufu tusiiseme. Hayo ni ya kila mtu, maji ya uvuguvugu na sabuni na vaselini yanatosha, usisugue na jiwe. Kazi kubwa iko kule usikokuona. Misuli ya mbele ya paja ikikaa siku chache tu bila kazi inaanza kupoteza nguvu, na wewe umeilaza siku 56. Kile kifuko kinachozunguka goti kinajikunyata kama ngozi ya mbuzi iliyoachwa juani bila kuwambwa. Halafu gegedu, ile nyororo inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa yake ya damu, inakula kutoka kwenye ute ulio ndani ya goti, na ute unaingia na kutoka kwenye gegedu pale goti linapobanwa na kuachiwa, kama sponji ya kuoshea vyombo. Goti lisiposogea gegedu inashinda njaa. Ndio maana umevunjika ugoko lakini kinacholia leo ni goti ambalo hata halikuguswa na lile gari.

Na usifikiri plasta ilikuwa kosa. Mambo haya watu wamebishana miaka na miaka. Karne ya 19 kule Liverpool alikuwepo Hugh Owen Thomas, alishikilia kwamba kiungo kibovu kipumzishwe, kipumzishwe kabisa, na mpaka leo kile chuma kirefu cha kunyoosha mguu wodi nyingi za mifupa wanakiita kwa jina lake. Wakati huo huo Ufaransa Just Lucas-Championnière akawa anasema hapana, mtu aliyevunjika akandwe na asogezwe mapema. Kwa maoni yangu wote wawili walikuwa na haki, ila kila mmoja kwa wakati wake: mfupa wako ulihitaji wiki za Thomas na sasa umeingia wiki za yule Mfaransa, na kosa ninaloliona sana kwa wagonjwa ni kubaki kwa Thomas kwa sababu ya woga, mtu plasta imetoka lakini mguu ameuweka juu ya kiti kama mgeni rasmi.

Tuje kwenye maumivu maana hapo ndipo swali lako lilipo.

Nyumba ikiingiliwa na mwizi usiku mmoja, mbwa wa hapo miezi mitatu baadaye anabweka hata kuku akipita. Mwizi hayupo, lakini mbwa si mwongo, anafanya kazi yake, ila amekuwa mkali kupita kiasi. Neva za mguu wako ziko hivyo. Zilipata ajali, zikafungwa gizani wiki 8, sasa ukizisogeza kidogo zinapiga kelele kama vile mfupa unavunjika tena. Kelele za namna hiyo unazifundisha zipungue kwa kusogea polepole mara nyingi, mbwa azoee kuku. Lakini kuna siku mwizi anakuja kweli, kwa hiyo mbwa humnyamazishi moja kwa moja, unajifunza kutofautisha mibweko yake.

Mimi wagonjwa nawapa namba. Sifuri hakuna maumivu, 10 ni ile siku ya ajali. Ukifanya zoezi likauma 2 ama 3, endelea, hiyo ni ngozi ya mbuzi inanyooshwa, utaisikia inavuta, inabana, kama vile kitu kimekaza juu ya kifuniko cha goti ama nyuma ya ugoko. Ikifika 4 ama 5 unaweza kumalizia lakini usiongeze siku hiyo. Ikipita 5, ukaanza kuuma meno na kushika pumzi, rudisha mguu nyuma. Kwa nini? Kwa sababu mtu akiumia hivyo misuli yake yote inakaza kujilinda, wewe unasukuma goti kwenda huku misuli inalivuta kurudi, mnapigana, na anayeumia katikati ni goti.

Kipimo cha pili nakiamini kuliko hata hizo namba: asubuhi ya kesho yake. Ukiamka mguu uko kama jana ama mwepesi zaidi, dozi ya jana ilikuwa sawa. Ukiamka goti limevimba, lina joto, linauma kuliko jana, basi jana ulizidisha, leo fanya nusu, usiache kabisa. Na maumivu ya kuchoma kama kisu mahali pamoja pale pale palipovunjika, hayo hayana mjadala, simama, urudi waone.

Kuhusu huyo fizio wako, sitamsema vibaya mtu ambaye sijamuona akifanya kazi, pengine ana wagonjwa 30 kwenye benchi na dakika 10 kwa kila mmoja akaona akusukume haraka. Ila mwambie. Mwambie "kaka, hapa imefika 6", mtu wa kazi hii anaelewa hiyo lugha, na akikujibu "vumilia wewe mwanaume" basi omba mwingine. Nikuambie ya kwangu. Nilipokuwa bado mwanafunzi, nikaletewa kijana ambaye kiwiko chake kilitoka kikarudishwa, kimekaza, na mimi nilikuwa na mikono yenye nguvu na akili kidogo, nikawa nakinyoosha kwa nguvu kila siku nikijua namsaidia. Wiki zikapita, badala ya kunyooka kikazidi kukaza, kikagusika kigumu kama jiwe. Eksirei ikaonyesha mfupa umeota ndani ya msuli. Inatokea kweli, msuli uliojeruhiwa na kuvutwa tena na tena kwa nguvu unaweza kuotesha mfupa mahali pasipotakiwa mfupa, na kiwiko ndicho kinaongoza kwa ugomvi huo. Yule kijana sijamsahau. Tangu hapo nikiona mgonjwa anafumba macho mkono wangu unalegea wenyewe.

Ndio sababu nakukataza yule mzee. Sikatazi kukanda, nielewe hapo. Maji moto dakika 10 ama 15 kabla ya mazoezi ni kitu kizuri, kitambaa kilichochovywa na kukamuliwa kinalegeza misuli, na kukandwa paja na mtu mwenye mkono mzuri kunatuliza, hata mkeo anaweza kukufanyia nyumbani kwa mafuta ya kawaida. Angalia tu joto kwa mkono kwanza maana mguu uliotoka kwenye plasta wakati mwingine una ganzi na ngozi yake ni laini, nimeona watu wameungua malengelenge kwa dawa ya moto wakadhani ndio inafanya kazi. Tatizo ni ile "halafu anavuta". Ajali yako ina kama wiki 11. Ugoko wa mtu mzima kwa kawaida unachukua miezi 3 mpaka 6 kuunga, na "unaunga" aliyosema daktari haina maana "umeunga". Fundi wa nyumba akimaliza kumwaga zege la juu haruhusu mtu apande na mifuko ya saruji wiki hiyo hiyo ingawa ukigonga linaonekana gumu. Huyo mzee akivuta ukavunjika pale pale, tunaanza siku ya kwanza, na safari hiyo pengine ni kwa chuma.

Sasa kazi yako, ambayo kusema kweli ndio dawa yenyewe. Hospitali unakwenda mara 1 ama 2 kwa wiki, nyumbani unaishi masaa yote yaliyobaki. Goti linarudishwa na wewe kwenye mkeka, fizio anakuonyesha njia tu.

Kwanza toa mto chini ya goti. Najua upo, wagonjwa karibu wote wanauweka kwa sababu goti likikunjwa kidogo linapumua, linakaa raha, na wewe unalala hivyo usiku kucha, mwezi unaisha goti halinyooki tena mpaka mwisho. Goti lisilonyooka kabisa litakusumbua katika kutembea kuliko hata lisilokunja sana, utachechemea kila hatua. Mto weka chini ya kisigino, goti libaki hewani lining'inie, dakika 5 ama 10, mara tatu kwa siku. Halafu hapo hapo kaza msuli wa mbele wa paja kama unabonyeza goti kwenda chini, hesabu mpaka 5, achia, mara 10. Weka mkono juu ya paja usikie kama unakaza kweli. Siku za kwanza utaamrisha na msuli hautaitika, usikate tamaa, kaza mguu mzima kwanza halafu huu mbovu, utaiga.

Kukunja sasa. Keti ama lala chali kwenye sakafu ya simenti, weka kavera, mfuko wa plastiki, chini ya kisigino, ile ile ya sokoni, maana kwenye simenti inateleza bila kukwama, kisha vuta kisigino polepole kuelekea makalio mpaka usikie kuvuta kwa namba 3, shikilia hapo hesabu mpaka 10, rudisha. Pumua, usishike pumzi. Mara 10 kwa awamu moja, awamu 4 ama 5 kwa siku, asubuhi, saa nne, mchana, jioni, kabla ya kulala. Usifanye mara 100 asubuhi ukapumzika siku nzima, kiungo kinapenda kukumbushwa kila mara kuliko kupigwa mara moja.

Na tafuta kamba ya katani. Kila Jumapili saa ile ile, kunja mpaka mwisho wako, mtu akupimie kutoka kisigino mpaka makalio kwa hiyo kamba, mfunge fundo pale inapoishia. Jumapili inayofuata fundo lingine. Kamba inafupika, na siku ambazo kichwa kinakuambia hakuna maendeleo unaitoa unahesabu mafundo. Nimeona mtu kachukia mazoezi wiki nzima halafu akaona fundo la tatu limesogea vidole viwili, kesho yake haambiwi.

Kwa kulinganisha, kutembea kawaida kunataka goti likunje kama digrii 60 hivi, kupanda ngazi kunakaribia 90 na kupita kidogo, kona ya meza ndio 90 yenyewe, na kuchuchumaa chini kabisa ni zaidi ya 130. Kwa hiyo hapo ulipo, chini kidogo ya kona ya meza, tayari unalo goti la kutembelea hata kama halikufurahishi. Lakini la choo cha shimo bado huna. Tafuta kiti kikuukuu cha plastiki toboa katikati uweke juu ya shimo kwa miezi hii, hakuna aibu. Kama unaswali, endelea kwenye kiti mpaka goti lenyewe likuruhusu kupiga magoti.

Hapo kwenye choo na steji ndipo nataka kukuambia jambo ambalo hukuniuliza. Barua nzima ni goti, goti, goti. Kifundo cha mguu hukukitaja hata mara moja, na mimi ndicho ninachokiogopa. Plasta yako ilifika vidoleni, kwa hiyo kifundo nacho kimelala wiki 8, na kikikaza kinakaza vibaya, unyayo unaelekea chini na kisigino kinakataa kushuka. Goti lina kelele ndio maana linasikilizwa, kifundo kinakaza kimya kimya. Mtu anapambana na goti miezi minne linakunja vizuri, anakwenda kuchuchumaa anaanguka nyuma kama gunia, kumbe goti liko sawa, kifundo ndicho hakikunji kwenda mbele. Na mguu wako ni wa kulia banange, breki ya nyuma iko wapi?

Kwa hiyo kuanzia leo, ukikaa popote, unyayo juu chini juu chini mara 20 kila saa, na duara mara 10. Keti mguu umenyooka, zungusha leso ya mke kwenye unyayo pale chini ya vidole, vuta kuelekea kwako, hesabu 30, mara 4. Wewe mtu wa boda unayo dawa nyingine nyumbani, ile mipira ya tyubu mnayofungia mizigo nyuma ya siti. Funga mpira kwenye mguu wa meza, pitisha juu ya unyayo, vuta unyayo kuja kwako, rudisha polepole. Halafu geuza, shika mpira kwa mikono, usukume unyayo kama unakanyaga breki. Mara 10 kila upande, ukizoea 15. Watu mjini wananunua mipira ya rangi rangi kwa kazi hii hii, wewe ya kwako imeshawahi kubeba magunia ya mihogo.

Ukisharuhusiwa kukanyaga uzito wote, sio kabla, kuna kipimo cha ukuta. Simama ukitazama ukuta, kidole gumba cha mguu mbali kidogo na ukuta, kunja goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Likigusa, rudisha mguu nyuma sentimita moja, jaribu tena. Pima mwisho wako kutoka kidole mpaka ukuta. Mguu mzima wa watu wengi unafika karibu sentimita 10. Pima wako wa kushoto kwanza ujue deni lako ni kiasi gani.

Magongo. Juu yake yasiguse kwapa, acha nafasi ya vidole viwili au vitatu, uzito ukae mikononi, maana anayening'inia kwa makwapa anaweza kubana neva mkono ukalegea, na hapo una shida mbili. "Kanyaga kidogo kidogo" ni maneno ambayo sisi tunayasema kirahisi na mgonjwa hajui kidogo ni ngapi. Muulize daktari ni kilo ngapi. Akisema 20, nenda kwa wale vijana wanaopima watu uzito barabarani, weka mguu mbovu peke yake juu ya mizani, bonyeza mpaka 20, funga macho, sikia. Rudia mara tano. Sasa unyayo umejua 20 ni nini. Ngazi, kupanda mguu mzima unatangulia, kushuka mguu mbovu na magongo yanatangulia.

Mguu kuvimba jioni ni kawaida na unaweza kuendelea miezi kadhaa, ulaze juu kuliko kifua, chezesha unyayo, asubuhi uwe umeshuka. Panado meza gramu 1 kama saa moja kabla ya fizio, usizidishe gramu 4 kwa siku nzima, na hizi diklofenaki wanazouza kila duka la dawa kama pipi usizigeuze chakula, zinakula tumbo na figo. Sigara kama unavuta acha, inachelewesha mfupa kuunga, hilo halina ubishi. Kula mukene (dagaa), maharage, mayai yakipatikana.

Yale ya kukimbia hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kliniki: shavu la mguu, nyuma ya ugoko, limevimba ghafla, linauma ukiligusa na lina joto, maana damu inaweza kuganda ndani ya mshipa, na ukijumlisha kifua kubana ama pumzi kukatika hiyo ni dharura ya usiku wa manane. Mguu umepinda ama kuna mlio na maumivu makali palipovunjika. Homa na usaha. Na nyingine ambayo watu hawaijui, mguu unachoma kama pilipili hata shuka likiugusa, unabadilika rangi, unatoka jasho peke yake, ngozi inang'aa. Hii si ya kukimbia usiku lakini iseme wiki hiyo hiyo, ikishikwa mapema inatibika vizuri kuliko ikikaa. Jaribu pia sasa hivi, inua kidole gumba cha mguu kuelekea kwako. Kikiinuka, alhamdulillah. Kisipoinuka na juu ya unyayo pana ganzi, neva inayopita pembeni chini ya goti ilibanwa, pengine na plasta, mwambie daktari.

Upande wa wapi pa kwenda, Arua mna hospitali ya rufaa, endelea hapo hapo, usihame kwa sababu ya kusikia. Mambo yakikwama kabisa daktari anaweza kukuandikia kwenda hospitali ya Mulago kule Kampala ama CoRSU, hospitali ya mifupa na viungo kule Kisubi barabara ya Entebbe, lakini kwa ulivyoandika sioni kama utafika huko. Na yeyote anayejiita fizio mtaani, uliza kama amesajiliwa na Allied Health Professionals Council, baraza linalosajili watu wa kazi yetu, mwenye leseni hakasiriki ukiuliza.

Steji sasa. Sikupi tarehe, nakupa mtihani. Eksirei iseme umeunga na daktari aandike. Utembee bila magongo bila kuchechemea. Usimame kwa mguu wa kulia peke yake sekunde 30. Uinuke kwa vidole vya mguu huo mmoja mara nyingi karibu sawa na wa kushoto, anza kuhesabu na wa kushoto. Ukiyapita hayo, panda pikipiki ikiwa imezimwa, kwenye stendi, rafiki apige makofi ghafla na wewe ukanyage breki mara 20 bila unyayo kuchelewa wala kuuma. Halafu jambo ambalo boda wanalisahau: ukisimama kwenye tope na abiria wawili, mmoja kabeba jerikeni, pikipiki ikaegemea kulia, nani anaizuia? Huo mguu. Kama leo huwezi kuizuia ikiwa tupu usijidanganye. Wengi wenye mvunjiko kama wako nawaona wakirudi kati ya mwezi wa 5 na wa 7 tangu ajali, wengine zaidi.

Kwa hiyo zungumza na wenye mkopo wiki hii, beba karatasi ya hospitali na eksirei, usiwakwepe simu. Tafuta kijana wa steji yako mwenye kibali aendeshe, mgawane, nusu yake nusu ya mkopo, mwenyekiti wa steji awe shahidi. Nimeona wengi wakipanda wiki ya 12 kwa sababu ya deni, na wawili watatu kati yao nimewapokea tena.

Kamba uifunge fundo la kwanza Jumapili hii. Ukifikisha mafundo manne niandikie, na safari hiyo niambie ya kifundo kwanza.